Kuku Wanono wa Mwalimu Narayan

Inspekta Torika Vulaono alikuja kuona mahali ilipopotea lali, ile ngoma ya gogo, lakini Bruda Gerard Whelan alimwanzishia kwenye tangi la maji.

"Hili walilijenga wanafunzi wenyewe baada ya kile kimbunga kikubwa," alisema Mkuu wa Shule, akilipiga tangi kofi kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani. "Halijavuja hata siku moja. Soma kibao."

Torika alisoma. Kilikuwa kibao cha shaba, kimesuguliwa kikang'aa kwa ajili ya jubilei, na kilitaja watu waliotoa saruji. Karakana ilikuwa banda la bati lililoachwa na wanajeshi wa Kimarekani wakati wa vita, nayo ilikuwa na kibao chake. Bweni la Mtakatifu Yosefu lilikuwa na chake, bweni la Mtakatifu Luka chake, tanuri la mikate chake. Shule ya Wavulana ya Mtakatifu Hilari ilikuwa inatimiza miaka mia moja na ishirini na tano Ijumaa ile, na hapo Nukuvesa kila kilichosimama kilibeba jina la aliyekitoa.

"Kanisa ndilo la kwanza kabisa," Bruda aliendelea. "Mabruda watatu kutoka Ufaransa. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakazipandisha kuta hizi kwa mikono yao. Wawili walifariki kabla paa halijaezekwa. Ukuta huu, Inspekta, una upana wa..."

"Bruda," alisema Torika, "lali."

Bruda Gerard hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa shingo, aliyetoka Australia Januari ile na kuisoma historia ya shule mpaka akaijua kuliko waliozaliwa nayo. Alipojua jambo alilijua moja kwa moja, na alipoamua ameamua.

Alimpeleka ubavuni mwa kanisa, kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa wazi pande zote. Hapo ndipo lilipokaa lile gogo la mti wa vesi, limechimbwa tumbo mithili ya mtumbwi mfupi mnene, likipigwa kwa magongo mawili kuita watu kwenye Misa, darasani na mezani. Kulinyanyua kulihitaji wanaume sita walioshiba. Sasa yalibaki mawe mawili ya kuliegemeza, na juu ya jiwe moja papai kubwa lililochongwa macho, mdomo unaocheka na pua, likavishwa kofia ya shule.

"Sijaruhusu mtu aliguse," alisema Bruda. "Ni dhihaka kwa Kanisa, mchana kweupe."

Torika alichuchumaa akalipiga picha. Papai lilikuwa limeanza kulegea mashavu.

"Mchongaji amejisumbua sana na pua," alisema. "Macho ameyatoboa tu, mdomo ameukata mara moja. Pua ameitengeneza. Hii ni pua ya mtu fulani."

"Pua?"

"Tuendelee."

Alizunguka kibanda taratibu. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, na kati ya nyasi zilizolala palikuwa na vipande vinne vya mgomba, vimekatwa sawasawa, utomvu umekauka ukawa mweusi. Alivifuata mpaka mwisho wake. Havikuelekea barabarani. Vilielekea kwenye mikoko, penye kijito kinachojaa maji bahari ikijaa.

"Nani alikuwa zamu Jumamosi?"

"Mwalimu Kelemedi Rokovada, mlezi wa mabweni. Sisi wote tulikuwa uwanjani kwenye fainali ya raga. Tumerudi na kombe, lali hakuna. Nikamuuliza, uliona nini? Akanyamaza. Nikamuuliza mbele ya walimu, akanyamaza. Mtu msafi hunyamaza, Inspekta?"

"Wengine hunyamaza."

"Basi sikiliza hili. Meneja wa hoteli ya kule rasini amekuja hapa mara mbili kuulizia bei ya lali. Mara zote mbili alizungumza na Kelemedi. Na shemeji yake Kelemedi ndiye anayeendesha lori la hoteli. Unataka nini tena?"

"Nataka hilo lori," alisema Torika. "Nimetoka hotelini asubuhi hii. Liko juu ya mawe, halina injini tangu mwezi uliopita. Wageni wao wanapigiwa lali mpya ya kiwandani. Nimeigonga, inalia kama debe."

"Basi walitumia boti. Shule ina boti."

Walikwenda kwenye banda la boti. Boti ya shule ilikuwa imepinduliwa juu ya magogo, na buibui alikuwa ameshona utando toka ukingoni mpaka sakafuni. Torika aliupuliza ule utando, ukatikisika, ukabaki palepale. Bruda aliutazama utando kama umemkosea heshima.

"Boti ya mtu mwingine, basi," alisema. "Haibadilishi kitu. Alikuwepo, na hasemi. Nimempa mpaka kesho adhuhuri aondoke kwenye nyumba ya shule. Askofu anafika Ijumaa, na sitampokea askofu nikiwa nimefuga mwizi."

"Ana watoto?"

"Wanne. Inaniuma, usidhani hainiumi. Lakini nilimwambia mbele yao, ili wajue sababu."

Torika hakulipenda hilo hata kidogo. Alilificha kwa kufungua daftari na kuuliza swali ambalo Bruda aliliona la kipuuzi.

"Kibao cha lali kiko wapi?"

"Lali haina kibao. Kila mtu anajua ni ya shule."

"Asante, Bruda. Nyumba za walimu nitazipata mwenyewe."

Nyumba hizo zilikuwa safu moja nyuma ya jiko, zote za mbao, zote za rangi ya maziwa. Katika ua wa nyumba ya tatu Mwalimu Prakash Narayan, wa hisabati, alikuwa akiwatupia kuku wake mchele. Kuku wenyewe walikuwa wamenona mpaka kutembea kumekuwa kazi. Mmoja alikula ameketi.

"Afande, umekuja kwa ajili ya kuku?" aliuliza Narayan kwa matumaini.

"Kuku gani?"

"Ahaa, hawakukwambia! Nilijua tu. Kelemedi jirani yangu ameibiwa kuku wote Jumamosi, na jogoo. Muhogo wake umeng'olewa, hebu chungulia, shamba zima kichwa chini miguu juu. Kaptura zake zimeanuliwa kwenye kamba zikaenda. Sketi za mkewe zimeachwa, tena zimekunjwa vizuri."

"Wewe umeibiwa nini?"

Narayan alirusha mchele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mimi? Mimi sijaibiwa kitu."

"Mbona umenuna?"

"Si kwamba nataka kuibiwa, afande. Nina akili zangu. Lakini nipigie hesabu. Mwizi anatoka kwenye mikoko, anapita hapa, ua wangu huu mfupi hata mtoto anauruka. Anawaona hawa." Alinyoosha mkono kwa kuku wake wanono. "Anawapita! Anakwenda kukamata vile vikuku vya Kelemedi, manyoya na mifupa. Kuku wangu wana ubaya gani?"

Torika hakucheka, ingawa ilimgharimu. "Nani mwingine kaibiwa?"

"Petero wa karakana, nyumba ya mwisho. Wamebeba sufuria lake kubwa na mto wa kulalia."

"Amelalamika?"

"Petero? Nimemkuta karakana anaranda mbao huku anacheka peke yake. Nikasema huyu mshtuko umempanda kichwani."

"Kwao wapi?"

"Hapahapa Nukuvesa. Yeye na Kelemedi ni ukoo mmoja."

"Na huyu wa nyumba ya pili?"

"Ioane? Anatoka visiwa vya Lau. Hawakumgusa, na ana redio nzuri kabisa, iko dirishani." Narayan alisogea karibu na ua. "Nilitaka nije polisi mwenyewe. Kelemedi akanishika mkono. Akaniambia, Mwalimu, tafadhali, usinitie aibu. Aibu ya nini, afande? Aliyeibiwa ni yeye!"

Torika aliandika mistari mitatu. Kelemedi na Petero, Nukuvesa, wameibiwa. Ioane, Lau, hakuibiwa. Narayan, hakuibiwa. Aliitazama, akaipigia mstari chini.

"Mwalimu Narayan, kuku wako hawana ubaya wowote. Wewe tu hukubahatika kuzaliwa Nukuvesa."

Alimwacha anawaza.

Nyumba ya Kelemedi ilikuwa imeshaanza kuwa si nyumba. Mapazia yameshushwa, vitanda vimefunguliwa, na Akanisi, mkewe, alikuwa sakafuni akiviringisha sahani kwenye magazeti bila kuinua uso. Kelemedi aliketi mezani na maandazi yake na chai ya majani ya mlimau. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye macho ya huzuni, na katikati ya uso wake ilikaa pua ileile ya kwenye papai.

"Mwalimu, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Hapa shuleni."

"Uliona nani?"

"Sina la kusema, afande."

"Kuku wako wako wapi?"

"Sina la kusema."

"Unajua kesho utalala wapi?"

Akanisi aliacha kukunja gazeti. Kelemedi alitazama chai yake. "Sina la kusema, afande. Nisamehe."

Torika alifunga daftari. Akavuta kiti akaketi mbele yake, akaivuta sahani ya Kelemedi kutoka mikononi mwake, akachukua andazi akalila. Akavuta na kikombe. Akanywa chai mpaka nusu, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha mwenye nyumba.

"Haina sukari," alisema. "Na andazi ni gumu. Lakini watu wa Nukuvesa hayo meno mliazimwa na papa, mnatafuna mpaka mawe."

Akanisi alifungua mdomo. Kelemedi hakukasirika. Alimkodolea macho mgeni wake, kisha mikono yake ikatulia juu ya meza.

"Afande, kwenu wapi?"

"Nimekulia mjini Suva, kota za polisi."

"Siulizi ulikokulia. Baba yako."

"Vatudolo."

Kelemedi alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kilichokaa tumboni tangu Jumamosi kikikosa pa kutokea, na watoto wake wanne wakaja mbio kutoka uani kuona kuna nini.

"Akanisi! Ficha vijiko! Wamerudi tena!"

Nukuvesa ya pwani na Vatudolo ya milimani ni tauvu, yaani watani, tangu enzi za mababu ambao husemekana walikuwa na mzimu mmoja. Mtani huingia kwako akabeba akipendacho, akakutukana mpaka machozi yakutoke, nawe huna ruhusa ya kununa, sembuse kwenda polisi. Anayemshtaki mtani wake amejidhalilisha mbele ya pande zote mbili, na wajukuu zake watakumbushwa. Torika alilinusa jambo hili toka kwenye papai. Lakini kunusa si ushahidi, na shahidi wake pekee alikuwa mtu asiyeruhusiwa kushtaki.

Kutukana, hata hivyo, kuliruhusiwa.

"Mmezoea kukaa na kaa huku matopeni," Torika alisema akichukua andazi la pili. "Hata mtu akiwabebea nyumba hamwamki."

"Matopeni!" Kelemedi alipiga meza. "Nyie mmezaliwa juu ya miamba, maji mnayaona kwenye kikombe! Nani aliwapa boti? Mtu mzima anapiga kasia kama anakoroga uji!"

"Walikuwa wangapi hao wakorogaji?"

"Hata kuhesabu mnahesabiwa? Wanane! Wanane, na bado mmekwama kwenye mikoko yetu mnasubiri maji yajae, mmekaa humo kama nguo za mvua. Na yule mzee wenu mwenye upara, kaketi mbele anatoa amri, hajashika kasia hata moja."

"Huyo ni baba yangu mdogo."

"Ndiyo maana anafanana na papai! Kwanza mkaacha papai, mnasema ni mimi. Mimi nina pua, nyie mna nini?"

"Na lali waliibeba wenyewe?"

"Wao?" Sauti ya Kelemedi ilipanda kwa uchungu wa kweli. "Walitaka kuipasua! Gogo la mababu wanalivuta kwenye mawe kama mbuzi wa deni. Nikawaambia, enyi wana wa mbuzi, kateni mgomba muviringishe! Hata kuiba mnafundishwa!"

"Kelemedi!" alisema Akanisi. "Uliwafundisha?"

"Wangeipasua, mke wangu."

Torika alijizuia. "Mbona wamekuja watu wakiwa kwenye mpira? Woga?"

"Woga mtupu! Sisi mwaka jana tuliwabebea jenereta siku ya harusi ya chifu wao, wanatutazama kwa macho yao. Bwana harusi alikula gizani."

"Nani aliongoza?"

Kelemedi alijigonga kifua kwa majivuno makubwa, na sababu ya ile pua ya kwenye papai ikajulikana.

"Mwalimu Kelemedi," alisema Torika, "umenitolea malalamiko yoyote dhidi ya mtu yeyote?"

"Mimi? Nikulalamikie wewe, mtu wa Vatudolo? Bora nife."

"Vizuri. Nimesikia matusi tu."

Lakini Akanisi hakuwa akicheka tena. Alisimama na sahani mkononi. "Dada, mimi si wa Nukuvesa wala wa Vatudolo. Mimi nina watoto wanne na kesho hatuna paa. Alishindwa nini kumwambia Bruda kwamba ni watani, yakaisha?"

"Bruda angepiga simu polisi palepale," alisema Kelemedi, sasa kwa sauti ndogo. "Hawa wangetiwa pingu kwa mdomo wangu. Nyumba nitapata nyingine, Akanisi. Utu mwingine nitaupata wapi?"

Torika alirudisha kikombe mbele yake, kitupu, akatoka. Alimhurumia yule mwanamke, na alikuwa na tundu moja bado halijazibwa. Mtani huchukua cha mtani. Kuku walikuwa wa Kelemedi, sufuria la Petero. Lali ilikuwa ya shule, na shule si mtani wa mtu. Kama ni ya shule, baba yake mdogo ni mwizi wa kawaida, na Kelemedi ni msaidizi wake.

Mwenye jibu alikuwa nyuma ya jiko, akipokea magimbi ya karamu. Adi Filomena, Adi likiwa jina la heshima la mwanamke wa nasaba ya chifu, ndiye mkuu wa ukoo wenye ardhi ambayo shule imejengwa juu yake, mwanamke mkubwa wa umbo na mkubwa zaidi wa sauti, na wanaume waliokuwa wakishusha mizigo walishusha kwa adabu.

"Adi, naomba kuuliza. Lali ni ya nani?"

"Bruda anasema ya nani?"

"Ya shule."

"Umeona kibao chake?"

"Nimekitafuta."

"Utakitafuta sana." Filomena aliketi juu ya gunia. "Mabruda wa kwanza walikuja na kengele kutoka kwao. Ikazama hapo mwambani, na mashua. Babu yetu akawaonea huruma, akawaazima lali. Akawaambia, pigeni hii mpaka mpate yenu." Alicheka. "Hawajapata mpaka leo! Chifu wetu akifa tunakuja kuichukua, tunaipiga kijijini mpaka mazishi, tunairudisha. Kitu ulichompa mtu unakwenda kukichukua kila msiba? Mabruda wote waliotangulia wanajua hilo. Huyu wa sasa hajatukuta na msiba, Mungu mkubwa."

"Basi nakuuliza kama polisi. Mali yako imechukuliwa. Unalalamika?"

Wanaume wenye magimbi walisimama kusikiliza. Filomena alishika tumbo akicheka.

"Nilalamike? Kwa Vatudolo? Babu zangu wafufuke wanizomee? Wamenibebea na nguruwe, Inspekta, nguruwe wa jubilei, niliyemlisha kwa mkono wangu. Kila nikipita kwenye banda lake natamani kulia. Lakini silalamiki, andika hivyo, kwa herufi kubwa!"

Torika aliandika kwa herufi kubwa.

"Na sasa?"

"Sasa wanatusubiri! Toka Jumamosi wameketi kule wanatusubiri tukaibe. Tukikawia watasema tumenuna. Lakini wa kutuongoza ni Kelemedi, na Kelemedi anafungasha." Kicheko kilimwisha. "Nimemfuata jana. Akaniambia, Adi, mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wanawe hawezi kwenda kuiba kwa utani. Kila wakimwona na kitu mkononi watakumbuka."

Alasiri lori la kuazima lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya Kelemedi. Akanisi alitaka wasafiri na mwanga. Magodoro yalikuwa juu, na masufuria, na meza imegeuzwa miguu hewani. Watoto wanne walikaa nyuma ya lori juu ya mafurushi. Bruda Gerard alikuwa amesimama kando kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu. Torika alikuja na Adi Filomena, na hakuzunguka.

"Bruda, hakuna wizi."

"Lali iko wapi?"

"Vatudolo. Wameichukua watani wa Nukuvesa, wanane, kwa boti."

"Yaani unawajua wezi!"

"Mmoja ni baba yangu mdogo. Unaweza kuliandika hilo kwa mkubwa wangu wa kazi. Ila mkubwa huyo mama yake ni wa Nukuvesa, kwa hiyo atacheka kwanza, ndipo atakujibu." Torika alihesabu kwa vidole. "Kisheria, wizi unataka mali, unataka mwenye mali, na unataka mwenye mali awe hakuridhia. Mali si yako. Ni ya Adi, mliazimwa. Na Adi hana lalamiko."

"Sina!" alisema Filomena.

"Shule imeitumia miaka mia na ishirini na..." Bruda alianza, kisha akasimama. Alikuwa mtu wa vibao. Alitazama upande wa kanisa, tangi, karakana, tanuri, na ilionekana dhahiri jinsi alivyokuwa akivipitia kimoja kimoja kichwani. "Lali haina kibao," alisema polepole.

"Haina."

"Na yeye alijua. Alijua siku zote tatu, akaniacha nimfukuze."

"Angekwambia, angekuwa amewashtaki watani wake. Kwao huo ndio uovu, Bruda, wala si kubeba gogo."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema Filomena, kwa upole kuliko kawaida yake. "Hukujua. Lakini ulisema kwa sauti kubwa."

Shingo ya Bruda Gerard ilizidi wekundu. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mwoga. Alivua kofia yake, akazunguka mpaka nyuma ya lori walipoketi watoto, akasimama mahali ambapo wangemwona wote.

"Jumamosi nilisema baba yenu ni mwizi," aliwaambia. "Nilikosea. Hakuiba kitu. Aliwalinda watu wengine, na mimi sikuwa na akili ya kuliona hilo. Namwomba radhi, na ninyi nawaomba radhi. Kazi ni yake na nyumba ni yenu."

Mtoto mdogo alimtazama mama yake. Akanisi alikuwa kwenye ngazi ya nyumba, mikono kifuani.

"Amesikia," alisema Akanisi. "Tumesikia. Lakini sufuria hata moja haishuki. Neno la mwizi likishaingia shuleni halitoki kwa samahani. Wavulana mia tatu watamwita hivyo nyuma ya mgongo wake."

Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli. Kelemedi alisimama kando ya gurudumu, akitazama chini. Torika hakuwa na kifungu cha sheria kwa jambo hilo.

Bruda alimgeukia Filomena. "Lali inarudishwa lini? Askofu anafika Ijumaa."

"Hairudishwi. Inafuatwa."

"Basi niende mimi nikaiombe."

"Ukiomba umewatukana! Inaibwa, Bruda. Na nguruwe wangu, kama yupo hai. Na chochote cha kwao kitakachopendeza."

"Inaibwa," alirudia Bruda. Miaka thelathini alikuwa amewafundisha wavulana Amri Kumi. "Na nani?"

Filomena alitazama pembeni. Torika naye akatazama pembeni. Bruda Gerard akamtazama Kelemedi, kisha watoto juu ya mafurushi, na taratibu akaelewa ni kitu gani alichokuwa nacho yeye peke yake cha kumpa.

"Mwalimu Kelemedi," alisema, "nenda Vatudolo ukaibe."

Kelemedi aliinua kichwa. "Sema kwa sauti, Bruda. Kama ile ya kwanza."

Wavulana walikuwa wakitoka mazoezini, wamejaa njia nzima, na wengine walikuwa wameshasimama kutazama lori. Bruda Gerard alivaa kofia yake, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti yake ya kanisani iliyofika mpaka ukuta wa nyuma bila kipaza sauti.

"Kelemedi Rokovada, mlezi wa mabweni wa Shule ya Mtakatifu Hilari! Kwa niaba ya shule hii, mbele ya wote hawa, nakuomba kwa heshima zote, nenda ukaibe!"

Kisha wavulana wote wakalipuka kwa shangwe, Petero akaja mbio kutoka karakana ameshika patasi, na Kelemedi akaanza kuwachagua wapiga makasia. Akanisi alishuka ngazi. Akapanda nyuma ya lori, akaanza kushusha masufuria.